Jumamosi nane kwa ajili ya neno "nasibu"

Kwa miaka 14 nimekuwa nikiandika sentensi ile ile ubaoni kila mwanzo wa mwaka: "Lugha ni mfumo wa sauti za nasibu ambazo jamii ya watu imekubaliana zitumike katika mawasiliano." Kidato cha kwanza wanainakili, wanaikariri, wananirudishia kwenye karatasi ya mtihani, nami naweka vema. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, nasibu maana yake nini?" Nikamwambia nasibu ni bahati, kitu cha kutokea tu. Akauliza tena, "Kwa hiyo lugha ni sauti za bahati?" Kengele ikagongwa. Nilishukuru kusikia ile kengele, na kule kushukuru kwangu kumenisumbua tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nilipoona tangazo kwenye mlango wa steshenari ninakotolea kopi za mitihani, kozi ya utangulizi wa isimu, yaani sayansi ya lugha, kwa watu wote, kwa Kiswahili, Jumamosi nane, nililipia siku hiyo hiyo. Nimeimaliza. Naandika haya kwa walimu wenzangu wa Kiswahili na kwa yeyote anayejiuliza kama shilingi 120,000 zitakuwa zimekwenda mahali pazuri. Kituo sikitaji kwa jina, kwa sababu yako mambo ya kulaumu, na hayo nimekwisha kuwaeleza wenyewe uso kwa uso.

Kozi inafanyika Moshi mjini, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ada inalipwa kwa awamu mbili kwa simu. Ndani yake mna chai na andazi moja, na kitini cha kurasa 60 hivi. Tulikuwa watu 19: walimu sita, muuguzi, mchungaji mstaafu kutoka Rombo, kijana anayepandisha wageni mlimani, wanafunzi kadhaa wa chuo, mama mmoja anayetafsiri vipeperushi vya kilimo, na dada mmoja fundi cherehani ambaye ni kiziwi. Huyu dada nitamrudia, maana bila yeye kozi hii isingekuwa ile niliyoipata.

Mwezeshaji ni mzee aliyefundisha chuo kikuu mpaka akastaafu. Sote tulimwita Dokta. Hana projekta, hana haraka, na chaki anaivunja vipande viwili kabla hajaanza kuandika. Siku ya kwanza alituuliza lugha ni nini. Nikasimama, nikamwaga ile sentensi yangu yote bila kupumua. Hakusema ni sahihi wala si sahihi. Aliiandika kwenye kona ya juu ya ubao, akaizungushia mstari, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: USIFUTE. Kisha akasema tutakaa na sentensi hiyo kwa Jumamosi nane, na kila neno litaulizwa lilikujaje pale.

Katika kozi zote nilizopitia, ikiwa ni pamoja na za ualimu, sijaona mbinu bora kuliko hiyo. Kila wiki tulichukua neno moja la ile sentensi na kulisumbua.

Tulianza na nasibu. Dokta alimwomba kila mtu ataje maji kwa lugha ya nyumbani kwao. Wachaga tukasema mringa. Yule kijana wa mlimani, ambaye mama yake ni Mmaasai, akasema enkare, akaongeza kwamba jina la Nairobi limetoka kwenye maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mchungaji akaleta Kiarabu, maa. Dokta akaweka bilauri ya maji juu ya meza, akauliza: katika maji haya, kitu gani kinadai kuitwa mringa na kukataa kuitwa enkare? Tulikaa kimya. Hakuna. Huo ndio unasibu: kati ya umbo la neno na kitu chenyewe hakuna kamba inayovifunga, isipokuwa makubaliano ya wanaolitumia. Akatueleza kwamba Ferdinand de Saussure, Mswisi aliyefundisha Geneva, aliliweka jambo hili katikati ya isimu ya kisasa, kwa mihadhara ambayo wenzake waliikusanya kutoka kwenye daftari za wanafunzi wake na kuichapisha mwaka 1916, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Mwanafunzi mmoja wa chuo akapinga. "Na pikipiki je? Si inajiita yenyewe?" Hoja nzuri, na Dokta aliichukua kwa uzito wake. Akatuomba tuwike kama jogoo, kila mtu kwa lugha anayoijua. Kokoriko, cocorico ya Wafaransa, cock-a-doodle-doo ya Waingereza. Jogoo ni yule yule. Hata pale neno linapoiga sauti, kila lugha inaiga kwa sauti zake na kwa desturi yake, na maneno ya namna hiyo ni machache kati ya mengi. Nilitoka pale nikiwa na jibu la yule binti, nimechelewa mwaka mmoja na miezi minne. Jumatatu nilimtafuta, sasa yuko kidato cha pili, nikampa.

Wiki ya pili na ya tatu tulikaa kwenye neno mawasiliano, na huko ndiko kozi inakuwa tamu. Swali lilikuwa hili: kama lugha ni mawasiliano, basi nyuki nao wana lugha? Dokta alichora mzinga. Akaeleza kazi ya Karl von Frisch wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Nyuki akirudi kutoka kwenye maua anacheza juu ya sega lililosimama wima, huku akitikisa mwili. Pembe kati ya njia anayopita na mstari wa wima ndiyo pembe kati ya maua na jua. Muda wa kutikisika ndio umbali: akitikisika muda mrefu, maua yako mbali. Wenzake ndani ya mzinga wenye giza wanamfuata kwa miguu na vipapasio, halafu wanatoka na kuelekea huko huko. Kwa hiyo nyuki anasema juu ya kitu kisichokuwapo mbele yake, jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni la watu peke yao. Lakini anasema hilo moja tu: uelekeo na umbali. Watafiti walipoweka chakula juu ya mnara, na mzinga chini yake, nyuki waliokipata walirudi wakacheza, na wenzao wakakitafuta kila mahali isipokuwa juu. Ngoma yao haina namna ya kusema "juu", na hawawezi kukaa chini waibuni.

Kisha tukaja kwa tumbili, na hapo darasa zima lilichangamka, maana kwetu ukanda wa chini tumbili ni adui wa mahindi na kila mmoja ana kisa chake. Upande wa pili wa mlima, Amboseli nchini Kenya, watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana vilio vya hatari vilivyo tofauti. Kipo cha chui: wakikisikia wanakimbilia mitini. Kipo cha tai: wanatazama juu na kujitupa vichakani. Kipo cha nyoka: wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Ili kuhakikisha kwamba tumbili hawakuwa wakifuata tu macho yao, watafiti walirekodi vilio hivyo na kuvipiga kwa spika zilizofichwa, wakati hakuna chui wala tai. Tumbili walifanya vile vile. Jambo lililonigusa zaidi ni la watoto wao. Mtoto wa tumbili hulia kilio cha tai kwa karibu kila kitu kinachopita angani, ndege asiye na madhara, hata jani linalodondoka. Anakua, anapunguza, mpaka anabaki na tai mwenyewe. Mwanangu wa kwanza aliita kila mnyama wa miguu minne "mbuzi" kwa miezi mingi, pamoja na punda wa jirani.

Yule kijana wa mlimani akauliza: basi wamebakiza nini? Dokta akamwambia, mpe tumbili sentensi hii: "Chui aliyekuja jana hakuwa mkubwa kama baba alivyosema." Akaacha tuihesabu wenyewe. Jana. Hakuwa. Kama. Alivyosema. Kilio cha chui kinatoka chui akiwapo, na hakiwezi kukatwa vipande vikaunganishwa na kilio kingine kutengeneza kukanusha, au kulinganisha, au kunukuu maneno ya mtu asiyekuwapo.

Habari iliyofuata ilikuwa ngeni kwangu kabisa, na inatuhusu hapa hapa nchini. Karibu na Ziwa Eyasi, Wahadza hupiga mbinja kumwita ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya porini. Ndege anawapeleka, wanapasua mti, wanachukua asali, yeye anabaki na nta. Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, wanafanya kazi na ndege wa aina hiyo hiyo, lakini wao wanamwita kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno: brrr-hm. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipiga sauti zote mbili kwa ndege wa pande zote mbili. Ndege wa Eyasi waliitikia zaidi mbinja ya Kihadza, na wale wa Niassa waliitikia zaidi mguno wa Kiyao. Dokta alionyesha kidole kwenye kona ya ubao: hata ndege wa porini anaweza kujifunza ishara ya nasibu ya jamii aliyozaliwa jirani nayo. Kwa hiyo unasibu peke yake hautoshi kututenga na viumbe wengine. Namna hii ya kufundisha inanipendeza sana, ya kumpa mtu jibu wiki ya kwanza na kuliwekea mipaka wiki ya tatu.

Wiki hiyo hiyo tulisoma habari za Nim, sokwe mtu aliyelelewa New York na kufundishwa alama za mikono tangu 1973 katika mradi wa Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alijifunza alama kama 125. Sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa na alama 16, na Dokta aliiandika yote kwa Kiswahili: toa chungwa mimi toa kula chungwa mimi kula chungwa toa mimi kula chungwa toa mimi wewe. Tuliisoma kwa sauti pamoja, polepole. Maneno yapo, njaa ipo, sarufi haipo. Terrace mwenyewe, alipozipitia picha za video, aliona kwamba mara nyingi Nim alikuwa akirudia alama alizotangulia kuonyeshwa na mwalimu wake, na mwaka 1979 akaandika hivyo waziwazi, ingawa alianza mradi akitumaini kinyume chake.

Neno mfumo lilichukua wiki ya nne na ya tano. Kwa mwalimu wa Kiswahili hapa ndipo hela inaporudi. Dokta aliandika: pango, bango, tango. Akauliza p ina maana gani. Haina. B je? Haina. Lakini ukibadilisha moja, umetoka kwenye mwamba ukaenda kwenye tangazo, ukaenda kwenye kachumbari. Kiswahili kina sauti za msingi, fonimu, kama 30 tu, zisizo na maana yoyote zenyewe, na kutokana nazo tunatengeneza maelfu ya maneno yenye maana, na kutokana na maneno tunatengeneza sentensi ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Tabaka mbili: chini visivyo na maana, juu vyenye maana. Kilio cha tumbili kina tabaka moja. Nimefundisha fonimu na mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, miaka yote hii kama sura mbili za kitabu zilizofuatana. Kwamba zimepandana kama nyumba ya ghorofa, na kwamba ghorofa hiyo ndiyo inayotuwezesha kutumia vichache kusema visivyo na mwisho, sikuwahi kumwambia mwanafunzi, kwa kuwa sikuwahi kuambiwa.

Zoezi la nyumbani lilikuwa kujaribu kwa mtoto jambo ambalo Jean Berko alilifanya kwa watoto wa Marekani mwaka 1958: kumpa neno lisilokuwapo na kuona atalifanya nini. Nilichora mdudu wa ajabu kwenye daftari, nikamwonyesha mwanangu wa pili, ana miaka minne na nusu. Hiki ni kizopa. Sasa viko viwili. Hivi ni...? "Vizopa!" Neno hilo hakulisikia popote duniani. Tukaendelea, nikamwambia kizopa kimelala. Akaniambia, "Vizopa vyote vimelala, mama, zima taa." Nani alikuwa amemfundisha upatanisho wa kisarufi? Mtoto huyo huyo, nikimuuliza kama ameshakula, hunijibu "simekula". Kabla ya kozi nilikuwa nikimkatiza, nikimwambia sema sijala. Sasa naisikia hesabu yake: nimekula, simekula. Kanuni amejitengenezea mwenyewe kwa kusikiliza, kisha lugha ya wakubwa imeivunja. Kasuku hawezi kukosea hivyo.

Wiki ya tano ilikuwa ya kiambishi kimoja, na kama ningeambiwa nichague Jumamosi moja ya kubaki nayo ningechagua hiyo. Dokta aliandika "asingelimwandikia" na kutuomba tuikate. A, si, ngeli, mw, andik, i, a. Vipande saba, neno moja, sentensi kamili. Kisha akafuta vyote, akabakiza -ngeli-. Akasema nyuki anazungumzia maua yasiyoonekana, lakini maua hayo yapo. Hiki kipande kidogo kinazungumzia jambo ambalo halikutokea na halitatokea kamwe, na bado msikilizaji anaelewa. Akatupa dakika kumi, kila mmoja aandike sentensi moja yenye -ngeli-, akasema si lazima kusoma.

Chumba kilitulia kiasi cha kusikia bisibisi ikianguka dukani chini. Mchungaji akasoma ya kwake: "Mama Eli angelikuwapo, ningelimsimulia haya nikifika." Mkewe alifariki mwaka uliopita. Muuguzi akafuata, sauti ikakatika katikati, akakaa. Yule dada fundi alisimama akasema sentensi yake kwa mikono, na mdogo wake akatutafsiria: "Ningelizaliwa nasikia, nisingeliijua lugha yangu." Mdogo wake huyo ana miaka 16. Aliitamka kwa taabu, akatazama chini.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa. Kituo kilimwandikisha mwanafunzi kiziwi, kikapokea ada yake yote, na hakikumtafutia mkalimani wa Lugha ya Alama. Kwa wiki tano alikuja na mdogo wake, mtoto wa sekondari, ambaye hakuwa na namna ya kutafsiri "fonimu" na "upatanisho" kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Dada alikuwa akinakili ubao na kuondoka na maswali yake. Sisi wengine tulikaa wiki mbili nzima bila kusema neno, nami nikiwamo. Wiki ya tatu tulikwenda ofisini watu saba. Tukaambiwa bajeti. Dokta akasema atakatwa posho yake ili mkalimani alipwe, ndipo wakaona haya, mkalimani akapatikana wiki ya sita. Kozi inayotangaza kufundisha upekee wa lugha ya binadamu haiwezi kumwacha mwenye lugha ukutani. Nimepunguza nyota nzima kwa hilo, na ningepunguza mbili kama wasingejirekebisha.

Mkalimani alifika kwenye wiki ya neno sauti. Dokta alileta orodha ya Charles Hockett, Mmarekani, aliyechapisha mwaka 1960 sifa 13 za lugha ili kuilinganisha na mawasiliano ya wanyama. Nyingi tulikuwa tumekwisha kuzigusa bila kuzitaja: unasibu, kuvuka hapa na sasa, kuzalisha sentensi mpya, tabaka mbili, kurithishwa kwa kufundishwa. Lakini sifa ya kwanza kabisa kwenye orodha hiyo ni kwamba lugha hutoka kinywani na kuingia sikioni. Mikono ya mkalimani ilipofika hapo, dada fundi alinyanyua wake. Akauliza: "Nyinyi nyote mnaniona naongea. Sifa ya kwanza sina. Nimebakiwa na ngapi?"

Dokta alimwambia azihesabu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mifano ya lugha yake. Ilichukua saa nzima na hakuna aliyekwenda kunywa chai. Jana, kesho, jambo lisilokuwapo: anayo, tulikwisha kuisikia. Sentensi mpya: kila siku. Unasibu: alama nyingi hazifanani na kitu chochote, na viziwi wa nchi nyingine wana zao tofauti. Tabaka mbili? Hapo Dokta akaleta jina la William Stokoe wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, aliyechapisha mwaka huo huo wa 1960 uchambuzi wa alama za Marekani. Alionyesha kwamba kila alama inakatika katika vipande visivyo na maana: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Badilisha kipande kimoja, umepata alama nyingine. Pango, bango, tango.

Kisha akasimulia habari za Nicaragua. Hadi miaka ya 1970 viziwi wengi wa huko walikuwa wakikaa majumbani, kila mmoja na ishara za familia yake. Shule ilipofunguliwa Managua mwaka 1977 walikutana. Walimu walikuwa wakiwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, bila mafanikio makubwa. Uwanjani na kwenye basi watoto walijitengenezea lugha yao, na wadogo waliokuja baadaye waliipokea na kuipa sarufi ambayo wakubwa waliowatangulia hawakuwa nayo. Hakuna mtu mzima aliyeitunga. Dada fundi alisimama kabla habari haijaisha, akaenda kwenye ile kona iliyoandikwa USIFUTE, akachukua chaki, akapitisha mstari juu ya neno "sauti". Akamtazama Dokta. Dokta alimpa ubao wote.

Wiki ya saba sina mema ya kusema. Ilikuwa ya ubongo, na aliletwa mgeni aliyesoma slaidi za Kiingereza kwa saa moja na nusu katika kozi iliyotangazwa kuwa ya Kiswahili. Nilichobaki nacho ni Paul Broca, daktari wa Paris, na mgonjwa wake wa mwaka 1861 aliyeelewa anachoambiwa lakini hakuweza kutamka zaidi ya "tan". Mchungaji alilala. Wiki ya nane, ya jamii, Dokta alirudi lakini muda ulikuwa umeliwa na mambo ya vyeti. Tulipata nusu saa nzuri tu, mchungaji wa Rombo na mama wa Machame wakijaribu kusimuliana safari ya sokoni kila mtu kwa Kichaga chake, wakishindwana kila sentensi ya tatu. Ningelipa zaidi kwa Jumamosi mbili za hilo.

Mambo mengine kwa kifupi. Kitini kinahitaji mhariri: ukurasa mmoja wanaandika mofimu, unaofuata mofu, kana kwamba ni kitu kimoja. Kelele za duka la vipuri zinaanza saa tano, kwa hiyo kaa upande wa dirisha la mlimani. Cheti wanachotoa hakitakuongezea daraja kazini, usilipe kwa sababu hiyo. Andazi ni zuri.

Nyota nne kati ya tano. Mwalimu wa Kiswahili aende bila kujadili. Mzazi mwenye mtoto anayeanza kusema aende. Anayetaka kujifunza kuongea lugha fulani asiende, maana hakuna lugha inayofundishwa pale.

Darasani kwangu bado naandika sentensi ile, kwa sababu mtihani wa taifa unaisahihisha hivyo na siwezi kuwapotezea watoto alama. Lakini naiandika kwa nafasi tupu pale palipokuwa na "sauti", na tunaanzia hapo. Majirani zetu Wakenya wameitaja Lugha ya Alama ya Kenya ndani ya Katiba yao ya 2010, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge lao. Hilo nalo nawaambia.

Alhamisi jioni napita kwa dada fundi. Nampelekea sare za kukata, ananifundisha alama. Ninazo kama 40 sasa. Wiki iliyopita nilimuuliza habari za mama yake, akanitazama bila kuelewa, kisha akaushika mkono wangu, akauacha na umbo lile lile, akausogeza kutoka mahali nilipouweka hadi mahali pengine usoni, upana wa vidole vitatu tu. Nilikuwa nimesema neno jingine kabisa.